Matonge Manne ya Mama Vero

Veronika alinipigia simu siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, kwa namba ya Zambia ambayo sikuwa nayo. "Shikamoo mama," alisema. "Wewe ndiye Anyesi uliyekaa kwa Mama Vero zamani?" Nikaitikia marahaba, nikasema ndiye mimi. "Mimi ni Vero mwenyewe. Mama amefariki jana. Aliacha neno kwamba siku akifa, Anyesi wa Tunduma aambiwe." Nilimpa pole, nikamuuliza maziko ni lini, akasema ni kesho saa nane mchana, kijijini kwao, si mbali na Nakonde. Nikaahidi kwenda. Baada ya hapo nilibaki nimekaa jikoni kwangu mpaka chai ikapoa, nikihesabu. Ilikuwa imepita miaka arobaini na kidogo tangu nimwone Mama Vero kwa macho. Katika miaka hiyo, ishirini na tisa nilikuwa tabibu katika kituo cha afya hapa hapa Tunduma, na kutoka kwenye dirisha la chumba changu cha kazi nilikuwa naona mabati ya nyumba za Nakonde. Ng'ambo nilivuka mara nyingi. Nilivuka kununua mafuta ya kupikia na vitenge, nilivuka kwenda kwenye harusi za ndugu wa mume wangu. Kumtafuta yeye sikuvuka hata mara moja. Na sasa nilikuwa nimeambiwa kwamba muda wote huo yeye alijua nilipo.

Nataka kuuandika mwaka ule kama ulivyokuwa, kwa sababu nimewahi kuusimulia mara mbili tatu, na kila mara nimeusimulia kwa kujipendelea. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nasubiri kuitwa chuo, na badala ya kukaa bure nyumbani Mbozi nilipelekwa Tunduma kumsaidia mama mmoja wa Kinyamwanga aliyekuwa na mgahawa. Jina lake la kikwao lilikuwa Nakamwela, lakini mtaani alikuwa Mama Vero tu, na Vero alikuwa mtoto wa miaka minne aliyelelewa na bibi yake ng'ambo ya mpaka. Mgahawa ulikuwa chumba kimoja cha mbao, meza tatu na mabenchi, na nyuma yake jiko la kuni lenye meko mawili na masizi yaliyopanda ukutani hadi kwenye mabati. Nyuma ya jiko kulikuwa na vyumba viwili vya kulala vilivyotenganishwa na pazia la kitenge chenye maua makubwa ya manjano. Mimi nililala upande wa nje, yeye upande wa ndani. Pazia lile halikuzuia sauti wala harufu, na kama dirisha la upande wake lilikuwa wazi, halikuzuia hata kivuli. Nalitaja kwa sababu nilichokijua mwaka ule nilikijulia nyuma ya pazia lile.

Chakula chake kilisifika. Alipika wali wa Kamsamba ambao harufu yake ilifika barabarani, samaki wa Rukwa wa kukausha aliowachemsha na nyanya na karanga, ugali mweupe, maharage yaliyolala usiku mzima kwenye majivu ya moto. Madereva wa malori kutoka Zambia waliingia wakiinama mlangoni na kumsalimu kwa Kibemba, "Mulishani, bamayo," naye akajibu, "Bwino," huku akipangusa benchi kwa khanga. Wenyeji waliniambia kwamba zamani, kabla sijafika, Mama Vero hakuwa mtu wa kusimama jikoni wakati watu wanakula. Alikuwa anaketi nao. Alinawa mikono kwenye beseni lile lile, akamega tonge kwenye sahani ya mteja aliyemzoea, akachovya kwenye mchuzi wa mteja, wakacheka. Ndivyo alivyowavuta watu. Mgeni akimwona mpishi anakula chakula alichokipika mwenyewe, moyo wake unatulia.

Mimi nilifika mwezi mmoja baada ya yeye kurudi kutoka hospitali kubwa alikopasuliwa. Alikuwa na vidonda vya tumbo vya miaka mingi, na mwishoni njia ya kutolea chakula tumboni ilikuwa imeziba kabisa, kila alichokula kikawa kinarudi. Usiku wangu wa kwanza alinionyesha kovu, mstari ulionyooka kutoka chini ya kifua hadi kitovuni, bado mwekundu. "Wamekata nusu ya tumbo," alisema, "wakaunganisha iliyobaki na utumbo. Nimepona. Sasa chakula hakirudi." Nilimuuliza kama kuna dawa za kuendelea nazo. Akasema hapana, ila nesi mmoja alimwambia wakati anatoka wodini, akiwa ameshika mlango, kwamba ale kidogo kidogo. Hakumwambia kidogo ni kiasi gani wala sababu yake. "Labda alikuwa na haraka," Mama Vero alisema. "Wagonjwa walikuwa wengi."

Kidogo kwake kilikuwa matonge manne. Niliyahesabu kwa sababu tulikula pamoja mchana, mimi na yeye, wateja wakishapungua. Tonge la kwanza alilila kwa hamu kabisa, macho yakiwa kwenye sahani. La pili vile vile. La tatu alilitafuna polepole. La nne alilimeza kama mtu anayemaliza kazi, kisha akaweka mkono kwenye maji. "Nimeshiba," alisema. Sahani ilikuwa haijaguswa upande mmoja. Siku za kwanza nilidhani bado ni mgonjwa. Baada ya miezi miwili nilianza kuudhika, sijui kwa nini, labda kwa sababu nilikuwa na umri wa kuwa na njaa saa zote na nilimwona kama mtu anayedharau kitu nilichokipenda. "Mama, ongeza hata mawili," nilimwambia siku moja. Alinitazama, akajaribu la tano, akalishika mdomoni muda mrefu, halafu akaenda nje na kulitema nyuma ya choo. Aliporudi jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso. "Mwanangu," alisema, "si kwamba sitaki. Kuna kitu humu ndani kinaniambia imetosha, na kinasema kwa nguvu. Nikibisha kinanipiga."

Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu mawili. Nayaandika hapa jinsi alivyoyasema, kwa sababu baadaye nilisoma vitabu na sikuona mahali palipoeleza jambo lile kwa usahihi zaidi.

Kitu kingine nilikijua, na hiki ndicho kinachonisumbua. Mama Vero alikuwa anakula. Saa moja asubuhi, kabla ya wateja, nilikuwa nasikia ganda la yai likivunjwa upande wa pili wa pazia. Saa nne alikuwa anaingia chumbani kama mtu anayetafuta kitu, na kivuli chake kikawa kinapeleka kijiko mdomoni mara tano au sita, uji wa ulezi aliouacha kwenye kikombe cha bati. Alasiri alikula kipande cha kiazi kitamu. Jioni tena yai, au maziwa ya mgando kidogo. Alijigundulia mwenyewe namna ya kuishi, bila kufundishwa na mtu, akajificha kuifanya kwa sababu aliona aibu kula chumbani kama mtoto anayeiba. Na mimi, niliyelala hatua tatu kutoka kitandani kwake, sikuwahi kumwambia kwamba najua.

Wateja walianza kuona. Dereva mmoja alimwita aketi wale pamoja kama zamani, akajibu kwamba ameshakula. Kesho yake mwingine akamwita, akajibu hivyo hivyo. Bombani, nikichota maji, niliwasikia wanawake wawili waliouza nyanya kwenye kona. Mmoja alisema, "Tangu atoke hospitali hagusi chakula chake. Umewahi kumwona?" Mwenzake akasema, "Mimi sili kwa mtu ambaye mwenyewe hali. Anajua alichokiweka." Wa kwanza akanigeukia akaniuliza, kwa upole kabisa, "Na wewe binti, unakula mle?" Nikasema nakula. "Haya," alisema, "Mungu akulinde." Nilibeba ndoo yangu nikaenda. Njiani nilijiambia ni ujinga wao. Lakini mchana ule nilipokaa mbele ya sahani na yeye akaweka mkono kwenye maji baada ya matonge manne, nilitazama mchuzi uliobaki na kwa mara ya kwanza nikajiuliza.

Mwezi wa sita mfanyabiashara mmoja wa vitenge, aliyeitwa Kiswaga, alikula wali na samaki pale mchana, na jioni akaanza kutapika. Alitapika mpaka asubuhi katika nyumba ya wageni aliyofikia. Alipona siku ya pili, na watu waliokunywa naye walijua kwamba baada ya wali alikuwa amekaa kwenye pombe ya kienyeji hadi giza likaingia. Hilo halikusemwa sana. Lililosemwa ni kwamba ametoka kwa Mama Vero. Wiki ile meza tatu zikawa mbili, halafu moja. Wali ulikuwa unabaki sufuriani na tunaugawa kwa majirani wa upande wa reli, na baadaye majirani nao wakawa wanaupokea kwa mikono miwili na kuumwaga. Niliuona umemwagwa kwenye mfereji, mweupe juu ya tope, kuku wakiudonoa.

Mimi nikaanza kununua maandazi kwa mama mwingine barabarani. Niliyala nimesimama nyuma ya ukuta wa ghala, haraka, na kurudi nikisema tumbo limejaa gesi, sitakula mchana. Nilifanya hivyo siku tisa. Siku ya kumi Mama Vero alikuwa anafua gauni langu akakuta mfukoni karatasi yenye mafuta. Aliikunjua, akainusa, akaiweka juu ya jiwe. Nilikuwa nimesimama karibu na kamba ya nguo. "Na wewe, Anyesi?" alisema. Nikasema nilikuwa na hamu ya maandazi tu. Akaendelea kufua. Hakuuliza tena, na mchana ule alipakua sahani moja tu, yake, na mimi sikudai yangu.

Balozi wa nyumba kumi alikuja Jumamosi, saa sita na nusu. Alikuwa mzee Sichone, mtu mtaratibu, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa hata kwenye jua. Siwezi kusema alikuwa mbaya. Alikuja na watu kama kumi na tano, Kiswaga akiwa miongoni mwao, na wale wanawake wa nyanya, wakajaa kwenye mabenchi na wengine wakasimama mlangoni. Alisema amekuja kumaliza maneno. "Mama Vero," alisema, "watu wanasema huli chakula unachowapikia. Mimi nimesema nitakuja nikuulize mwenyewe, mbele yao, tusisengenyane. Unakula au huli?"

"Nakula, mzee. Nilipasuliwa tumbo. Niliambiwa nile kidogo kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mpaka ninaposhiba."

"Mtu mzima anashiba kwa kiasi gani?" Kiswaga aliuliza kutoka kwenye benchi, na watu wachache wakacheka.

Balozi akanyanyua mkono wakanyamaza. Akanigeukia. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi. "Binti, wewe unakaa naye humu. Ni mtu wa shule, hutudanganyi. Umewahi kumwona anamaliza sahani ya chakula?"

Nikasema, "Hapana, mzee. Tangu nije sijawahi kumwona."

Ilikuwa kweli. Hakuna mahakama ambayo ingenifunga kwa neno lile. Nilikuwa na nafasi ya kuendelea. Balozi alikuwa ananitazama, Mama Vero ananitazama, na nafikiri alikuwa anasubiri. Ningesema anakula yai asubuhi, anakula uji saa nne, anakula kiazi alasiri, nimemwona kwa pazia, nimemsikia. Ingekuwa sentensi mbili. Lakini nilifikiri wataniuliza kwa nini basi unanunua maandazi. Nilifikiri wale wanawake wa nyanya wanajua habari hiyo. Nilifikiri pia, na hili nililificha hata kwangu mwenyewe kwa muda mrefu, kwamba huenda wanasema kweli na anajificha kula yai kwa sababu yai halikupikwa kwenye sufuria yetu. Nikatazama chini. Balozi akashusha pumzi, akasema, "Basi tufanye hivi. Apakuliwe sahani, ale hapa, na chai, tumalize. Akimaliza, mimi nitakuwa wa kwanza kuja kula kesho."

Niliyepakua nilikuwa mimi. Ugali, maharage, na kikombe cha chai niliyoijaza sukari, kwa kuwa sukari wakati ule ilikuwa adimu na nilidhani namtendea wema. Aliketi kwenye meza ya katikati. Alinawa. Alikula matonge manne kwa utulivu, halafu akala la tano, la sita, akawa hatazami mtu. Watu walikuwa wanahesabu kwa macho. Alipofika kwenye nusu ya sahani alishika ukingo wa meza kwa mkono wa kushoto, akaendelea. Alimaliza. Alikunywa chai yote. Akageuza kikombe kuonyesha hakina kitu, akasema, "Nimekula." Mtu mmoja mlangoni akasema, "Kumbe anaweza," na kwa muda mfupi nilidhani imekwisha. Balozi alikuwa ameshasimama kuaga. Ndipo jasho likaanza kumtoka, si jasho la joto, maji kabisa, likadondoka kutoka kidevuni kwenye meza. Uso ukamwiva, kisha ukafifia. Alishika kifua akisema moyo unakimbia, akajaribu kuinuka, akaanguka kati ya meza na benchi.

Hakuna aliyemgusa. Watu walirudi nyuma hadi ukutani, na mwanamke mmoja wa nyanya akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Imemrudia." Nililisikia neno hilo likipita mdomo hadi mdomo mpaka nje. Mimi pia sikumgusa. Sijui ni muda gani. Nimewahi kumwambia mume wangu kwamba nilimkimbilia pale pale, na si kweli. Nilisubiri mpaka watu wametoka. Ndipo nikaenda na maji, nikamkuta macho yako wazi, anapumua kwa haraka, amejikunja. "Niache nilale," alisema. "Itapita. Huwa inapita." Nilikaa sakafuni karibu naye, na baada ya kama nusu saa ikapita kweli, akainuka mwenyewe akaenda kulala. Jioni Balozi alituma neno kwamba mgahawa ufungwe mpaka itakapoamuliwa vinginevyo. Haikuamuliwa vinginevyo.

Aliondoka siku sita baadaye, kwa miguu, na sufuria mbili kichwani mwa binamu yake aliyekuja kumchukua. Wakati ule kuvuka kulikuwa kutembea tu kati ya nyumba na nyumba. Nilimsindikiza mpaka mahali ambapo barabara inainama. Alisimama akarekebisha khanga begani. Nilitaka kuomba radhi lakini sikujua niiombe kwa jambo gani, maana sikuwa nimesema uongo. Yeye ndiye aliyesema. "Ulisema kweli, Anyesi. Ila hukuimaliza." Kisha akaniambia nirudi, jua lisinipige, na akaenda.

Chuo kiliniita mwaka uliofuata. Nilikuwa mwaka wa pili wakati mwalimu wetu wa fiziolojia, mtu mfupi aliyependa kuchora, alipochora tumbo ubaoni, kisha utumbo mdogo, kisha vishale. Alisema watu wanadhani kushiba ni tumbo kujaa kama gunia, na kwamba hiyo ni nusu tu ya habari. Chakula kikifika kwenye utumbo, hasa mafuta na nyama na maharage, ukuta wa utumbo unatoa homoni ndani ya damu. Homoni hiyo inaiambia nyongo ijikamue na kongosho litoe maji yake ya kusagia chakula. Inaliambia tumbo lipunguze kasi, lisimwage kingine kwanza. Na inapeleka habari hadi kwenye ubongo kwamba imetosha. Mtu anaweka kijiko chini, anadhani ameamua mwenyewe. Halafu akachora mstari kukata tumbo katikati. Mtu aliyekatwa tumbo, alisema, hana tena pa kukitunza chakula. Kinaanguka kwenye utumbo kwa mkupuo, na utumbo unatoa homoni zake kwa mkupuo, nyingi kuliko kawaida, kwa hiyo mtu huyo anashiba kwa matonge machache, na ni kushiba kwa kweli, si maringo wala woga. Ukimlazimisha, na hasa ukimpa vitu vya sukari, maji yanavutwa kutoka kwenye damu kwenda kwenye utumbo, moyo unakwenda mbio, jasho linamtoka, anaweza kuanguka. Dawa yake ni kumwambia ale kidogo mara sita kwa siku, asinywe maji wakati wa kula, apumzike akishakula. "Mkisahau kumwambia hilo," mwalimu alisema akipangusa chaki mikononi, "mtakuwa mmempasua nusu." Wenzangu waliandika. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nilikuwa naona kikombe cha chai, na sukari niliyoikoroga kwa mkono wangu.

Wangapi niliowafundisha baada ya hapo, sikumbuki. Kila aliyerudi kutoka kupasuliwa tumbo, mtu wa Momba, wa Ileje, wa ng'ambo, nilimkalisha na ndugu zake wote, nikachora vishale kwenye karatasi, nikawaambia mke na watoto na mama mkwe kwamba huyu akisema ameshiba ameshiba. Wauguzi walinitania kwamba hayo ndiyo mahubiri yangu. Wengi walitoka Nakonde na vijiji vya nyuma yake. Nikiwaandikia kadi na kusoma jina la kijiji, mara nyingine nilitaka kuuliza habari zake, na sikuuliza. Nilijiambia ameshakufa. Nilijiambia amesahau. Ukweli ni kwamba niliogopa kufika mlangoni kwake na elimu yangu yote, nikimweleza sababu ya jambo ambalo yeye alinieleza kwanza, na nililisikia, na nikakaa kimya.

Jumatano nilivuka. Siku hizi kuna jengo la pamoja la mpakani, unapanga foleni, unaonyesha karatasi, na malori yamejipanga kilomita kadhaa pande zote mbili. Kijiji kilikuwa na miti mirefu ya mikalitusi na uwanja uliofagiliwa. Vero alinipokea, mwanamke wa miaka arobaini na mitano hivi, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye mdomo wa mama yake. Alinishika mikono yote miwili. Aliniweka ndani, kwenye chumba alimolala marehemu, watu wengine wakiwa nje, akaniambia nile kwanza kabla ya ibada. Nilimwomba tukae kidogo. Alinieleza kwamba mama yake alikaa mwaka mmoja hivi akiumwa, kisha daktari wa misheni akamwelewesha jinsi ya kula, akanenepa, akalima karanga, akazika dada zake wawili, akafikisha karibu miaka themanini. Kupika kwa ajili ya watu hakurudia.

"Alituhadithia habari zako," Vero alisema. "Alisema watu wa Tunduma walimfukuza, lakini kulikuwa na binti mmoja wa Mbozi aliyekaa naye sakafuni alipoanguka, watu wote walipokimbia. Alijua uko kituo cha afya. Jirani yetu alitibiwa kwako, akarudi na ile karatasi yako ya vishale. Mama aliitazama sana. Akasema huyo ni Anyesi. Mwaka mpya ukifika, tukisali, tulikuwa tunakutaja."

Nilimuuliza kama hakuwahi kueleza lolote zaidi. Akasema hapana.

Ningeweza kuishia pale. Nilikuwa na miaka sitini, nimekaa kwenye mkeka wa marehemu, na yeye alikuwa ameamua nini kibaki na nini kiende naye. Lakini nilifungua mdomo nikamwambia Vero yote. Nilimwambia kuhusu pazia na ganda la yai, kuhusu swali la Balozi na nilivyolijibu, kuhusu sahani niliyoipakua mimi na sukari niliyoiweka mimi, na kwamba kabla ya kukaa sakafuni nilisubiri. Nilisema bila kulia. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa. Nje kwaya ilikuwa inajaribu sauti.

"Kwa nini umeniambia?" aliuliza.

"Sijui, mwanangu. Niliuficha ukweli wa mama yako. Nikaona nisikufiche na wewe."

Alivuta kona ya mkeka ikanyooka. "Ungeniachia tu alichoniachia," alisema. "Mimi nilikuwa nakupenda."

Akainuka, akafuta macho kwa mgongo wa mkono, akatoka kupokea wageni wengine. Nilikaa chumbani peke yangu mpaka kengele ilipogongwa. Makaburini nilisimama nyuma, na zamu yangu ya kutupa udongo ilipofika niliutupa kama wengine. Vero alikuwa upande wa pili wa kaburi. Alinitazama mara moja, akatazama pembeni.